Wadogo zangu, hesabu hamtaikwepa

Juzi nimepata meseji ya kijana wa miaka 15, anataka kuwa mwanasayansi wa tabianchi ila hesabu na fizikia zinamtoa jasho, anauliza hakuna njia ya pembeni? Nimeisoma mara tatu maana yule ni mimi kabisa.

Umri wake huo nilikata chupa ya plastiki, kipande cha juu nikakigeuza kikawa faneli, chini nikaweka kokoto na maji mpaka alama ya sifuri, rula nikaibandika pembeni. Nikawa napima mvua kila asubuhi na kuandika kwenye daftari, zaidi ya miaka miwili. Nikampelekea mwalimu wa fizikia, akafunua kurasa mbili akanirudishia, "kwa alama zako hizi tafuta kitu kingine." Leo hii ndiyo kazi yangu lakini yale maneno bado yananiuma. Hesabu nilirudia mtihani, nikafaulu.

Kwa hiyo njia ya pembeni hakuna jamani. Kupenda mazingira ni vizuri, ila anga linaendeshwa na fizikia. Mwaka 1967 mwanasayansi wa tabianchi Syukuro Manabe na mwenzake Richard Wetherald walikokotoa kwamba kaboni dioksidi ikiongezeka maradufu dunia itapata joto zaidi kama nyuzi 2.3, na 2021 Manabe akapewa Nobel, na ni Nobel ya Fizikia! Mkifika hapo ndo mtaelewa kwa nini nawakazania.

Halafu jifunzeni Python mapema, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ni bure. Programu yangu ya kwanza chuoni ilinipa wastani wa joto la mwezi nyuzi 43 chini ya sifuri, sehemu yenye joto, nikakesha siku mbili natafuta kosa. Kumbe siku ambazo kipimo hakikusomwa zilikuwa zimeandikwa -999, na mimi nimezijumlisha humohumo na zingine. Siku mbili tu zimeharibu mwezi mzima! Nikakumbuka daftari langu, siku niliyokosa kupima niliacha wazi, sikuandika sifuri, maana sifuri ni kusema mvua haikunyesha.

Mdogo wangu uliyeniandikia, tafuta chupa leo. Iweke mbali na ukuta na miti, soma saa ileile kila siku, na siku ukikosa acha wazi. Jioni fungua kitabu cha hesabu.