Uliuliza kwa nini hawakutoroka

Gulu, Novemba 2024

Mwanangu,

Salamu. Huku tu wazima, ufuta tumeshaukata na nyasi zimepita kichwa cha mtu mzima. Nimesoma ujumbe wako. Unasema wenzako kazini huko Kampala walikuwa wakizungumzia kifungo cha miaka 40 alichopewa mwezi uliopita Kwoyelo, aliyekuwa kamanda wa LRA, jeshi la waasi la Joseph Kony lililopigana na serikali huku kaskazini, mmoja akauliza: hao watoto waliotekwa na Kony, mbona hawakutoroka? Msitu hauna ukuta wala geti. Wewe ukakosa la kumjibu.

Kwanza mwambie walitoroka. UNICEF ilikadiria kwamba watoto kiasi cha 25,000 walitekwa, na wengi wa waliorudi walichomoka wenyewe, au walipenya wakati wa mapigano. Ila ukuta ulikuwepo, na ulijengwa kwa mpango.

Anza na kamba. Siku za mwanzo watoto walifungwa kiunoni, mmoja nyuma ya mwenzake, kila mmoja na mzigo: chumvi, maharage, unga, mafuta ya kupikia. Viatu walivuliwa. Aliyesema amechoka aliulizwa kama anataka kupumzika, na akiitikia aliuawa hapo hapo. Waliosalia hawakulitamka tena neno hilo. Baadaye walipakwa moo yaa, mafuta ya shea, yale yale tunayotilia mboga, alama ya msalaba pajini na kifuani, wakakatazwa kuoga kwa siku kadhaa. Waliambiwa mafuta hayo yataonyesha popote watakapojificha. Wewe utacheka. Mtoto wa miaka kumi mwenye njaa hacheki.

Kamba ilifunguliwa baada ya siku chache kwa sababu haikuhitajika tena. Mtoto aliyetoroka akakamatwa hakupigwa risasi. Wenzake aliotekwa nao ndio waliopewa fimbo wamuue, na mara nyingine waliteuliwa makusudi ndugu zake au watoto wa kijiji chake. Risasi ingemmaliza mmoja tu. Fimbo iliwafunga wote walioishika, maana kila mmoja alilala usiku ule akijua kwamba akirudi kwao atapita mbele ya nyumba ya marehemu.

Wengine walitaja jina la uongo na kijiji cha uongo siku ile ile ya kutekwa, ili wakitoroka jamaa zao wasifuatwe. Ujanja huo uliokoa watu, ukaleta tabu yake baadaye: mama anamtafuta binti kwa jina ambalo hakuna aliyelisikia msituni, na anayejua alikofia analijua lile jingine.

Kwa wasichana kulikuwa na kufuli la pili. Wadogo waliitwa ting ting, wakafanywa watumishi katika nyumba za makamanda, kupika, kuchota maji na kubeba watoto, mpaka walipovunja ungo, ndipo wakagawiwa. Waliitwa wake. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilipomtia hatiani Ongwen, kamanda mwingine wa Kony, mwaka 2021 iliyaita mambo kwa majina yake: utumwa, utumwa wa ngono, ndoa ya kulazimishwa, mimba ya kulazimishwa. (Ongwen naye alitekwa akiwa mtoto, na mahakama ililipima hilo ilipompa miaka 25. Wenzako watabishana juu yake usiku kucha, waache.) Usiku wa kuamkia 10 Oktoba 1996 waasi waliwachukua wasichana 139 kutoka shule ya masista ya Aboke. Sista Rachele Fassera aliwafuata kwa miguu pamoja na mwalimu mmoja, akarudi na 109. Katika wale 30 waliobakizwa, wapo waliorudi mwaka 2004 wakiwa na watoto wao. Fikiria kutoroka na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Mmoja akilia, mmekwisha wote.

Sasa kutoroka kwenyewe. Nyasi zikiwa ndefu kama hivi sasa, mtu huingia hatua kumi akapotea, lakini asubuhi umande humsaliti: alipopita panabaki mstari mweusi ndani ya weupe. Mvua ya usiku ndiyo rafiki, maana hufuta unyayo. Kiangazi nyasi zikishachomwa, mguu unaandikwa kwenye majivu na jicho linafika mbali. Nafasi nzuri ilikuwa pale jeshi la serikali liliposhambulia na kila mtu akakimbia, ingawa helikopta haikuchagua nani mateka na nani muasi. Au walipotumwa kuchota maji au kung'oa muhogo. Na kufika karibu na watu hakukuwa mwisho wa hatari: mwenye shati la jeshi na nywele ndefu aliweza kuuawa na askari au na wanakijiji. Ilibidi kuvua shati, kuficha bunduki, kisha kumtafuta mtu wa kumwendea peke yake, kwa mfano mama mzee shambani.

Makamanda waliwaambia mateka kwamba anayerudi huuawa na serikali. Kilichoutoboa uongo huo ni redio. Mega FM hapa Gulu ilikuwa na kipindi cha Dwog Paco, yaani rudi nyumbani, ambamo waliorudi walisema kwa sauti zao wenyewe. Waliobaki msituni walizitambua sauti za watu walioambiwa wamekufa.

Ukiona ukuta ulivyojengwa, utaelewa kwa nini sisi Waacholi humpokea kwa yai anayerudi kutoka msituni. Kwenye njia ya kuingia nyumbani huwekwa yai bichi, kitawi cha opobo na layibi, ule mti wa kuinulia paa la ghala. Anayerudi hulikanyaga yai kwa mguu mtupu. Yai halina mdomo, halijasema baya lolote. Opobo huteleza kama sabuni. Layibi inamwambia chakula cha ghala hili ni chako pia. Mato oput, tambiko la upatanisho, ni jambo jingine, ni la aliyeua mtu, na linataka koo mbili zinazojuana, fidia na kikombe kimoja cha mzizi mchungu. Aliyelazimishwa kuua mtu asiyejua jina wala ukoo wake, atakunywa na nani?

Yai linamtosha mama aliyerudi, ila mtoto aliyezaliwa msituni linamwacha nusu njiani. Ardhi kwetu hupitia kwa baba. Baba alijulikana kwa jina la vita, ukoo wake haujulikani, na wajomba wanapogawa shamba wanamruka. Cheti cha msamaha, ambacho serikali iliwapa waliorudi, kilikuja na shilingi 263,000, godoro na jembe. Jembe bila shamba. Ndiyo maana baadhi ya akina mama wanatafuta ukoo wa yule yule aliyewateka, wakiuliza kwa wazee kijiji hadi kijiji, ili mtoto apate pa kujenga. Wenzako wakishangaa na hilo, niandikie tena.

Mama yako