Nakatwa hela ya chama na sijajaza fomu yoyote, natokaje?

SWALI: Habari kaka. Nipo kiwandani Morogoro, ajira ya kudumu, mshahara laki tatu na themanini. Tangu nianze kazi kwenye slipu kuna kamstari kameandikwa UNION 7,600 na sijawahi kujaza fomu ya chama chochote. Nikiuliza HR naambiwa "ni sheria". Sasa kuna chama kingine kimeingia kinagawa fomu, kinasema tukijaza tu kule tumetoka. Ni kweli? Na nikijitoa wanaweza kunifukuza?

JIBU: Salama ndugu yangu. Hiyo 7,600 ni asilimia 2 ya mshahara wako, na nikipiga hesabu ya haraka PAYE yako (kodi ya mshahara) baada ya kutoa NSSF inakuja kama 5,760 hivi, yaani chama kinachukua kwako zaidi kuliko TRA, kwa hiyo una haki kabisa ya kuuliza.

HR hajakudanganya moja kwa moja ila kakupa nusu ya jibu. Neno UNION kwenye slipu linaweza kuwa ada ya uanachama au ada ya uwakala, na wahasibu wengi wanaziingiza zote kwenye mstari mmoja kwa sababu programu yao ya mishahara ina sehemu moja tu. Ukishajua yako ni ipi ndo utajua unatokaje, kwa sababu njia zake hazifanani hata kidogo.

Ada ya uanachama ipo kifungu cha 61 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 (haya nayosema ni ya Bara, Zanzibar wana sheria yao). Hii mwajiri haruhusiwi kuigusa mpaka wewe mwenyewe uwe umesaini fomu, ile TUF 6. Kwa hiyo hatua ya kwanza andika barua fupi kwa HR, omba nakala ya fomu uliyosaini. Wengi wanasaini siku ya kwanza kazini katikati ya lundo la makaratasi, fomu ya NSSF, fomu ya benki, mkataba, unasaini tu ili upewe kitambulisho uingie shifti. Kama ipo na sahihi ni yako, kutoka ni rahisi: unaandika notisi ya mwezi mmoja, nakala kwa mwajiri na nakala kwa chama, mwezi ukiisha makato yanasimama. Baki na nakala yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, bila hiyo kesho wanasema hawakuiona.

Kama fomu haipo, basi karibu hakika unakatwa ada ya uwakala, kifungu cha 72. Chama kikipata zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa sehemu husika kinatambuliwa kama wakala pekee wa majadiliano, na kinaweza kukubaliana na mwajiri kwenye mkataba wa hali bora (makubaliano ya chama na mwajiri) kwamba hata wasio wanachama wachangie, maana nyongeza ya mshahara ikijadiliwa na nyie mnaipata. Hiyo haihitaji sahihi yako. Mimi binafsi naona hoja hiyo ina haki ndani yake, tatizo ni kwamba vyama vingi haviwaelezi watu, vinakaa kimya hela iingie, halafu vinashangaa kwa nini vijana wanavichukia.

Ila ada ya uwakala ina masharti na hapo ndo pa kuwabana. Haiwezi kuzidi ada ya mwanachama, haikufanyi uwe mwanachama na hakuna wa kukulazimisha uwe, na hela yenyewe lazima iingie kwenye akaunti ya peke yake inayosimamiwa na chama, itumike kwa maslahi ya wafanyakazi wa hapo kazini kwenu, sio kuchangia chama cha siasa. Muulize mwakilishi wa tawi: mkataba wa uwakala ulisainiwa lini, naomba nione, na akaunti yake ni ipi? Nimekaa kwenye vikao vingi vya matawi na hilo swali la akaunti ndo linalowafanya watu waanze kukohoa.

Hii "ni sheria" ya HR ina historia yake. 1964 TFL, lile shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Tanganyika walilolianzisha kina Kawawa 1955, lilivunjwa ikaundwa NUTA, chama kimoja kwa nchi nzima na katibu mkuu anateuliwa na Rais, tena wa kwanza, Kamaliza, alikuwa hapohapo Waziri wa Kazi. Ikaja JUWATA chini ya CCM, ikaja OTTU 1991, bado chama ni kimoja kwa sheria, mpaka Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi ya 1998 ilipoanza kutumika mwaka 2000 ndo watu wakaanza kuwa na uchaguzi wa kweli. Kwa hiyo maofisa wengi walirithi kazi kwa watu waliozoea kuona makato ya chama kama kodi.

Sasa hicho chama kipya. Hapa wanawaficha kitu. Kikiwa kimesajiliwa kina haki ya kuingiza wanachama na kukatiwa ada, lakini kujaza fomu yao hakukutoi kwenye ada ya uwakala maana bado wewe si mwanachama wa chama kinachotambuliwa, kwa hiyo utakatwa mara mbili, ya uanachama kule na ya uwakala huku. Kinachoondoa ni wingi. Chama cha zamani kikishuka chini ya nusu, mwajiri anatakiwa akipe notisi ya miezi mitatu kirudishe wingi, kikishindwa anaondoa utambuzi na makato ya uwakala yanakosa mguu. Kwa hiyo kabla hujasaini waulize wana watu wangapi hapo kiwandani, na nyie wote mko wangapi. Kama wana 40 kati ya 300 mjue mtalipa mara mbili kwa muda.

Kufukuzwa kwa sababu ya kujiunga au kujitoa kwenye chama ni kosa, kifungu cha 9 kinakulinda. Ikitokea, usikae unasubiri vikao vya usuluhishi vya ndani mwezi mzima: siku 30 tangu kuachishwa uwe umeshapeleka fomu CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), hapo Morogoro mjini wapo. Kwa mgogoro wa makato peke yake, bila kufukuzwa, una siku 60. Ukichelewa itabidi kwanza uombe kuongezewa muda, na hiyo ni kesi nyingine kabla ya kesi.