Kuunganisha kicheza muziki kwenye redio ya gari la Japani na amplifaya ya nyumbani: niliyojifunza Kisumu

Ndugu, umeeleza kwamba gari ulilonunua hapo Nakuru ni la mtumba kutoka Japani, kwamba redio yake inaishia 90, na kwamba transmita ndogo ya FM uliyoichomeka kwenye tundu la laita ili irushe sauti ya kicheza muziki chako hadi redioni inakwaruza kila unapotoka mjini. Ukaongeza kwamba kicheza muziki hicho hicho ulipokiunganisha kwenye amplifaya ya zamani ya mzee nyumbani, sauti ilitoka nzito na imepasuka. Yote mawili yamenipata mimi hapa Kisumu, na ningependa nikueleze kwa kirefu, kwa sababu ushauri ambao watu wengi hupewa ni wa kununua kifaa kingine juu ya kile kilichowashinda.

Kuhusu hiyo transmita, redio za zamani zilizotengenezewa soko la Japani hupokea FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, ilhali transmita za kawaida hurusha kati ya 87.5 na 108, kama vituo vyetu. Mahali pekee zinapokutana ni pale 87.5 hadi 90, kipande chembamba ambacho pia kina vituo vya watu. Kama aliyekuuzia gari alifunga kile kijisanduku cha kupanua masafa kwenye waya wa antena, hesabu hubadilika: kazi yake ni kushusha masafa, kwa hiyo kikiwa kinashusha kwa 15, transmita uliyoiweka 100 utaipata redioni kwenye 85. Wengi huzungusha redio wakitafuta namba ile ile inayoonekana kwenye transmita, wakaikosa, wakadhani kifaa kimekufa.

Mimi nilikuwa nikisafiri kutoka Kisumu kwenda kazini Kakamega karibu kila siku, na nilipata nafasi tupu chini ya 89 iliyokuwa safi kabisa nikiwa Kondele, bado ndani ya Kisumu. Nilipopita Kiboswa na kuanza kupanda vilima vya Nyang'ori, mahubiri ya kituo cha mbali yaliingia juu ya gitaa, yakapotea, yakarudi, na nilipofika Majengo hakukuwa na muziki tena bali mkwaruzo mtupu. Haikuwa hitilafu ya kifaa. Mawimbi ya FM husafiri karibu moja kwa moja kama mwanga, kwa hiyo ukiwa juu antena yako inaona milingoti ambayo bondeni ilizibwa na milima. Na redio ya FM hushika wimbi lenye nguvu zaidi, ila mawili yakikaribiana nguvu hugombana na wewe ndiye unayesikia ugomvi wao. Transmita hizo hutengenezwa makusudi ziwe na nguvu kidogo sana ili zisimwingilie jirani. Wewe unayetoka Nakuru na kupanda kuelekea Mau Summit, hali itakuwa ile ile, pengine mbaya zaidi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni mmoja: tafuta waya kwanza. Jumamosi moja nilikaa chini ya mti nikafungua fremu ya dashibodi, ambayo hushikwa na vibanio vya plastiki vinavyoachia ukivuta taratibu kwa vidole, nikafungua skrubu nne za redio na kuivuta nje kiasi cha shubiri moja. Nyuma yake kulikuwa na soketi kubwa nyeupe yenye nyaya nyingi, waya mnene wa antena, na pembeni, zikiwa zimefungwa pamoja kwa utepe wa kitambaa, ncha tatu za duara: ya njano, nyeupe na nyekundu. Zilikuwa hapo tangu gari lilipotoka Japani. Redio nyingi za huko zenye skrini huwa na mlango huo, na kwenye menyu huitwa VTR au AUX. Ya njano ni ya picha na huihitaji. Nyeupe ni sauti ya kushoto, nyekundu ni ya kulia. Nilinunua waya wenye pini ya milimita 3.5 upande mmoja na ncha nyeupe na nyekundu upande wa pili, nikaupitisha nyuma ya kisanduku cha dashibodi ukatokezea karibu na breki ya mkono, na tangu siku hiyo Nyang'ori ni kilima tu.

Kuna tahadhari moja ambayo lazima niitoe. Usikimbilie kuchomoa nyaya za betri kabla ya kazi hii, kwa kuwa baadhi ya redio za Japani zikikosa umeme hujifunga na kudai namba ya siri ambayo mwenye gari wa kwanza huenda alibaki nayo. Zima gari, toa ufunguo, usiguse nyaya za ile soketi nyeupe, na chuma cha bisibisi kisigusane na chochote huko nyuma.

Ikiwa redio yako haina mlango wowote wa aina hiyo lakini ina sehemu ya kaseti, adapta ya kaseti bado inafanya kazi nzuri kuliko transmita. Ina kichwa cha sumaku kinachogusana na kichwa cha kusomea kaseti, hivyo haijali vilima. Shida yake ni redio zinazogeuza kaseti zenyewe, ambazo wakati mwingine huigeuza tena na tena; hapo jaribu kuiingiza ukiwa umeigeuza upande wa pili. Kipokezi cha Bluetooth nacho ni kizuri, ila ujue kwamba aina nyingi bado zinahitaji tundu la AUX, kwa hiyo kutafuta waya bado kuko pale pale.

Ukishaunganisha, jambo linaloweza kukuvunja moyo ni mlio mwembamba unaopanda unapokanyaga mafuta na kushuka unapoachia. Ulinipata siku ya pili tu. Jaribio lake ni rahisi: chomoa chaja ya kicheza muziki kutoka kwenye laita huku muziki ukiendelea. Mlio ukikatika papo hapo, basi kosa si la redio wala la waya wa muziki. Ni kwamba kifaa chako kimepata njia mbili za kwenda kwenye athi ya gari, yaani upande hasi wa umeme wake, moja kupitia chaja na nyingine kupitia waya wa sauti, na kelele ya jenereta ya gari inapita katika mzunguko huo. Nilianza kuchaji kwa pawabanki na mlio ukaisha. Kuna pia kifaa kidogo chenye transfoma mbili ndani ambacho huwekwa katikati ya waya wa sauti na kukata mzunguko huo. Hufanya kazi, ingawa vile vya bei ya chini kabisa hula besi ya chini, na kwa mtu anayesikiliza benga, ambamo gitaa la besi ndilo linalobeba wimbo, hiyo si hasara ndogo.

Angalia pia ile pini. Yenye pete mbili nyeusi ina sehemu tatu: ncha ni kushoto, katikati ni kulia, na shina ni athi. Yenye pete tatu imeongezewa maikrofoni, na kwenye baadhi ya matundu haikai sawasawa. Dalili yake ni ya ajabu, na mara ya kwanza ilinishangaza sana: magitaa yalisikika, ngoma zilisikika, lakini mwimbaji alikuwa ametoweka, kama mtu anayeimba nje ya nyumba mlango umefungwa. Hutokea athi isipogusa. Hapo spika hubaki na tofauti tu kati ya kushoto na kulia, na kwa kuwa sauti ya mwimbaji huwekwa sawa pande zote mbili, inajifuta. Ukisikia hivyo, usipandishe sauti. Vuta pini nje kidogo sana, na mwimbaji akirudi, badilisha waya.

Kuhusu kiwango cha sauti, wengi huweka kicheza muziki chini na kufungulia redio yote, kisha wanalalamikia mvumo. Fanya kinyume. Zima marekebisho yote ya besi kwenye kicheza muziki, cheza sehemu yenye kishindo, kipandishe hadi uisikie inaanza kupasuka, rudi nyuma hatua moja au mbili, kiache hapo, kisha tumia kitasa cha redio peke yake.

Sasa amplifaya ya mzee. Kwa jinsi ulivyoieleza sauti, nina hakika kiasi cha kutosha kwamba ulichomeka kwenye tundu lililoandikwa PHONO. Nilifanya hivyo hivyo kwa amplifaya ya baba yangu, kwa sababu ndilo lililokuwa wazi na jina lake lilinidanganya. Tundu hilo ni la sindano ya santuri, ambayo hutoa umeme mdogo mno, kama milivolti 5, kwa hiyo amplifaya huukuza takriban mara 100 kabla ya kufanya lolote. Isitoshe, santuri huchongwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti za juu zikiwa zimeongezwa, na tundu la PHONO hurejesha mizani hiyo kwa kuinua besi na kushusha za juu. Sasa chukua kicheza muziki kinachotoa hadi volti nzima na ambacho mizani yake tayari iko sawa, ukipitishe humo: besi inafurika, maneno hayasikiki, na spika za mzee zinateswa bure. Sikungoja kujua zitavumilia kiasi gani; nilipoona koni ya spika inaruka mbele na nyuma kwa kiasi cha kidole, nilizima swichi.

Hamishia ncha nyeupe na nyekundu kwenye AUX, CD, au TAPE IN. Yoyote kati ya hizo inafaa, na hazitofautiani kwa jambo la maana. Usichomeke kwenye TAPE OUT wala REC, kwani huko ni njia ya kutokea na hutasikia kitu. Amplifaya iwe imezimwa unapochomeka, na kitasa kiwe chini unapowasha.

Kabla hujanunua chochote, vuta redio ya gari uangalie nyuma yake, kisha uniandikie umeona ncha za rangi gani na menyu ina maneno gani ya herufi za Kilatini. Nikiyajua hayo mawili nitakuambia ni waya gani wa kununua.