Ohio State 10, Michigan 13: mashambulizi yalikwama wapi hasa

Mkuu, umeuliza imekuwaje Ohio State, timu ya chuo kikuu ya futiboli ya Kimarekani iliyoshika nafasi ya pili kwa ubora nchini humo, ikiwa kwake Columbus mbele ya watu zaidi ya laki moja, ikipewa nafasi ya kushinda kwa pointi kama 20, ikaambulia pointi 10 tu mbele ya Michigan iliyoingia uwanjani na ushindi 6 na vipigo 5. Ilikuwa tarehe 30 Novemba 2024, na kipindi cha pili chote Ohio State haikupata hata pointi moja. Wengi hulijibu swali hilo kwa kutaja jina la kocha wao Ryan Day na kuishia hapo. Lawama anazo, lakini jina si maelezo.

Kwanza tuwaondoe walinzi wa Ohio State kwenye kesi hii. Michigan nzima ilipata yadi 234. Kwotabeki wao (mrushaji mkuu wa pasi), Davis Warren, alirusha kwa yadi 62 na pasi zake mbili zikanaswa na wapinzani. Beki wao bora Will Johnson hakucheza, wala Colston Loveland aliyekuwa tegemeo lao la kupokea pasi. Ukimbana mpinzani kiasi hicho na bado ukafungwa, basi waliokuangusha ni washambuliaji wako.

Namba ya kuanzia ni hii: Ohio State ilikimbia na mpira mara 26, ikapata yadi 77. Haifiki yadi 3 kwa mara moja. Mtu atasema takwimu za vyuo humo ndani huhesabu pia yadi anazopoteza kwotabeki akiangushwa, na ni kweli. Basi chukua wakimbiaji wawili peke yao: Quinshon Judkins mara 12 kwa yadi 46, TreVeyon Henderson mara 10 kwa yadi 21. Hata hapo ni yadi 3 na chenji.

Kwa mgeni wa mchezo huu: unapewa majaribio manne kusogea yadi 10, na kwa kawaida la nne hulitumii, unapiga mpira mbali au unapiga kwenye nguzo. Kwa hiyo kiuhalisia una matatu. Ukipata yadi 2 kwenye jaribio la kwanza na 2 kwenye la pili, la tatu linakukuta na yadi 6, na uwanja mzima unajua unarusha. Walinzi hawana tena haja ya kukisia, wanamfuata kwotabeki moja kwa moja. Pasi ikishindikana, mtazamaji anaona kosa la mrushaji, kumbe shida ilizaliwa majaribio mawili nyuma.

Sasa kwa nini katikati hapakupitika? Anza na majeruhi. Mstari wa mbele una wazuiaji watano: senta, wawili wa ndani, wawili wa nje. Josh Simmons, wa nje kushoto, aliumia goti Oktoba 12 dhidi ya Oregon. Seth McLaughlin, senta, alichanika mshipa wa kisigino mazoezini mwezi Novemba. Huyo ndiye aliyekuja kupewa tuzo ya Rimington ya senta bora wa vyuo mwaka huo. Kuziba mapengo, Donovan Jackson alitolewa ndani kushoto akapelekwa nje, Carson Hinzman akawekwa senta, na nafasi ya ndani ikajazwa kutoka benchi. Yaani upande wote wa kushoto mpaka katikati haukuwa ule uliopangwa Agosti.

Upande wa pili, kwa walinzi wa mbele wa Michigan, walisimama Mason Graham na Kenneth Grant. Grant peke yake ana kama kilo 150, na anakimbia kwa namna isiyolingana na mwili ule. Miezi mitano baadaye wote wawili walichaguliwa duru ya kwanza ya kuingia NFL, ligi ya kulipwa, Graham namba 5, Grant namba 13. Hao ndio watu ambao mpango wa mchezo uliamua kuwapitia kifuani.

Mbio za ndani, yaani za kupita katikati, zinafanya kazi hivi. Wazuiaji wawili wanamsukuma kwa pamoja mlinzi mmoja wa mbele. Akishasogea, mmoja wao anajichomoa kwenda kumzuia mlinzi wa mstari wa pili. Siri yote iko kwenye muda wa kujichomoa. Ukiondoka mapema, yule mzito anajipenyeza pembeni na kumkuta mkimbiaji kabla hajafika mstarini. Ukichelewa, wa mstari wa pili anakuja bila kuguswa na kuziba tundu. Mbele ya mtu kama Graham unalazimika kuchelewa, maana mmoja hamuwezi. Senta ana mzigo wa ziada: mkono mmoja bado uko na mpira wakati mwenzake ameshaanza kusukuma, kwa hiyo kila mara anaingia vitani nusu hatua nyuma. Senta mzoefu huifidia nusu hatua ile kwa pembe ya mguu wa kwanza. Aliyehamishiwa hapo mwezi huohuo bado anaitafuta.

Hapo ndipo pasi nazo zilipoumia, na hili watu hawaliunganishi. Wachambuzi wa huko huhesabu walinzi walio kwenye boksi. (Si boksi la penalti tulilozoea sisi, ni eneo la mbele ya wazuiaji.) Timu inayoteswa na mbio huongeza mtu wa saba au wa nane kwenye boksi, na huyo hutolewa nyuma, ndipo wapokeaji wanapopata nafasi. Michigan hawakuhitaji kuongeza mtu. Wale wanne wa mbele walimaliza kazi wenyewe, kwa hiyo wangeweza kubakiza mabeki wawili nyuma kabisa wakichunga pasi ndefu. Jeremiah Smith, kijana wa mwaka wa kwanza aliyevuka yadi 1,000 msimu ule, alimaliza na mapokezi 5 kwa yadi 35 na tachidauni moja (kufikisha mpira kwenye eneo la goli) kabla ya mapumziko. Kwotabeki Will Howard alikamilisha pasi 19 kati ya 33 kwa yadi 175, yaani yadi 5 na kidogo kwa kila mpira aliourusha. Kwa kikosi chenye Smith, Emeka Egbuka na Carnell Tate, hiyo ni aibu.

Ile mbinu ya kuigiza kumkabidhi mkimbiaji mpira halafu unarusha nayo ikafa kifo hichohicho. Igizo linamtisha nani kama mbio zako zinaleta yadi 2?

Kinachouma zaidi ni kwamba uwanja wenyewe ulikuwa unawapa jibu. Upana ni futi 160, na alama za kuwekea mpira kwenye uwanja wa chuo zimeachana futi 40, mbali kuliko za NFL. Mpira ukiwekwa kwenye alama ya upande mmoja, upande mpana unabaki na yadi 33 na ule mwembamba yadi 20. Unarusha haraka upande mpana, Egbuka au Smith anaupokea sekunde moja tu baada ya senta kuuachia, na wale wa kilo 150 wanalazimika kukimbia pembeni. Fanya hivyo mara nane, tisa, utaona wanavyohema. Ukikazana kupita katikati unawapa vita wanayoitaka, na hawachoki.

Michigan nao walikimbia katikati, kweli: Kalel Mullings mara 32 kwa yadi 116, wastani usiofika 4. Tofauti ni kwamba wao hawakuwa na kingine. Mwenye jembe tu analima kwa jembe. Ohio State walikuwa na trekta bandani, na Chip Kelly, mpangaji wao wa mashambulizi msimu ule, alijua kuliendesha. Kwa maoni yangu walitaka kuonyesha ubabe, baada ya miaka mitatu mfululizo ya kuambiwa kwamba mbele ya Michigan wao ni laini. Kwenye mechi hii ubabe huwa unakula pointi.

Howard je? Ana yake. Pasi moja ilinaswa na Aamir Hall, akairudisha hadi karibu kabisa na mstari wa goli, na Mullings akamalizia kwa yadi 1. Hizo ni pointi ambazo Michigan hawakuzitafuta. Nyingine ilinaswa na Makari Paige. Na mpigaji Jayden Fielding alikosa mara mbili kwenye nguzo, kutoka yadi 38 na yadi 34. Pointi 6 zimekwenda, tatu kwa kila pigo, kwenye mechi iliyoamuliwa kwa 3, pale Dominic Zvada alipopiga kutoka yadi 21 zikiwa zimebaki sekunde 45. Lakini kumbuka, ukifika yadi za karibu halafu ukakwama, ndipo unapomwita mpigaji. Mtu aliyeitwa kuokoa akishindwa, usimsahau aliyemfanya aitwe.

Ushahidi kwamba ulikuwa uamuzi wala si uwezo ulikuja wiki tatu baadaye, kwenye mechi za mtoano za ubingwa wa vyuo. McLaughlin na Simmons walikuwa bado nje. Dhidi ya Tennessee, Howard alirusha mapema na mbali, ikawa 21-0 robo ya kwanza, mwisho 42-17. Oregon wakajikuta nyuma 34-0. Texas walikuwa werevu zaidi, wakamfungia Smith: pokezi moja, yadi 3. Safari hii Ohio State hawakukaidi. Waliwaachia walinzi wa Texas wapite kumkimbilia Howard, yeye akaudondosha mpira kwa Henderson nyuma ya migongo yao, na wazuiaji wakiwa wameshatangulia mbele Henderson akaenda yadi 75 hadi mwisho. 28-14.

Fainali na Notre Dame ikafika jaribio la tatu na yadi 11 mwishoni kabisa. Kocha mwoga angekimbia ili kula saa. Howard alirusha juu kwa Smith, yadi 56. Kisha akaitwa Fielding, yuleyule, kutoka yadi 33, moja pungufu ya ile aliyoikosa Novemba. Ilipita katikati, 34-23.