Shangazi Anajibu: Tezo ya babu na katuni za kijana

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mbagala, Dar es Salaam. Sisi ni Wamakonde wa Newala, na mume wangu ni mchonga vinyago kama baba yake na babu yake. Kwao kuna desturi: kijana wa kwanza akimaliza shule, anakabidhiwa tezo ya babu mbele ya ndugu, na kuanzia siku hiyo anakaa kibandani na baba yake. Mwanangu yupo kidato cha nne, mahafali ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Ndugu wameshaalikwa, kaka yangu anatoka Newala, na tezo imeshatiwa mpini mpya. Juzi usiku kijana akaniambia hataipokea. Anataka kuchora katuni, zile zinazotembea. Anazichora kwenye simu, kwa kidole, mpaka usiku wa manane. Baba yake akiziona anasema hiyo ni michezo ya watoto. Nimwambie mume wangu sasa, au ninyamaze ili sherehe ipite? Nampenda mwanangu, na sitaki mume wangu aaibike.
Mama wa Mbagala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usinyamaze. Ukinyamaza, jambo litafumuka mbele ya wageni, pilau ipo kwenye sinia, baba kanyoosha mkono na kijana kakunja wake. Hapo mumeo ataaibika kweli, na aibu ya mbele ya ndugu haipoi upesi.

Lakini usimwambie wewe. Ukisema wewe, ataona umemtetea mtoto tu. Mwenye nafasi ya kusema ni kaka yako. Nyinyi ni Wamakonde, na kwa Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama yake; mjomba ana kauli kwa mpwa wake tangu siku za jando. Najua mjini mambo haya yamelegea. Mumeo hata hivyo kalelewa humo, na neno la shemeji yake atalisikiliza hata likimchoma. Mpigie kaka yako leo, mwombe afike siku mbili kabla. Mweleze yote bila kuficha, na umtumie katuni mbili tatu azione kwa macho yake, asije akatetea kitu asichokijua.

Akikaa na shemeji yake, hoja anazo. Mumeo anasema analinda kazi ya mababu, na ni kweli, kazi hiyo inastahili kulindwa. Ila mababu wenyewe hawakuchonga kitu kilekile maisha yote. Kule kwenu wazee walichonga mapiko, yale ya kuvaa usoni kwenye ngoma za jando na unyago. Vinyago vya mpingo vya kuuza, vinavyojaa leo kwenye vibanda vya Mwenge, vilikua mikononi mwa vijana waliotoka kusini na ng'ambo ya Ruvuma, wakafika huku wakakuta wanunuzi wa aina nyingine. Miaka ya 1950 akatokea Samaki Likankoa akaanza kuchonga mashetani: jicho moja, mdomo umekwenda upande, kiungo kimeota pasipo pake. Husimuliwa kwamba alikuwa akichonga mtu wa kawaida, mkono ukavunjika, naye hakuutupa mti, akaendelea nao mpaka akatoka kiumbe mwingine kabisa. Mumeo anaijua habari hii kuliko mimi. Kaka yako amkumbushe tu, kwa upole, kwamba shetani naye aliwahi kuwa kitu kigeni.

Kijana naye ana la kuambiwa. Nimefundisha uchoraji sekondari miaka mingi, na vijana wanaopenda katuni nawajua kwa madaftari yao. Uso wanaujua sana, kisogo hawakijui. Mhusika akigeuka tu, shingo inapotea, bega moja linarefuka. Mchongaji hana ruhusa ya kutojua kisogo. Anakwangua ule mti mweupe wa nje mpaka moyo mweusi wa mpingo utokee, na kila akipiga tezo mara chache analizungusha gogo, maana kosa la nyuma litatokea mbele. Katuni inayotembea nayo ni kiumbe anayezungushwa, picha kwa picha. Mwanao kakulia kibandani, kapiga msasa, kapaka kiwi, kamwona baba yake akifanya hivyo kila siku. Wapo wanafunzi wanaolipa ada kujifunza jambo hilo. Asilitupe kwa hasira ya wiki moja.

Kwa hiyo tezo aipokee. Nadhani kinachomtisha ni yale maneno ya "kuanzia leo unakaa kibandani", na hayo ndiyo mjomba aende kuyaombea. Baba amkabidhi tezo kwa kuwa ni mtoto wa wachongaji, amwombee dua, asimpangie kazi mbele ya watu. Desturi itakuwa imetimizwa, na kijana hatakuwa amedanganya mtu.

Baada ya mahafali kuna mtihani wa taifa, Novemba, na huo hauna mjadala. Simu ilale chumbani kwako kuanzia saa tatu usiku mpaka karatasi ya mwisho. Matokeo hutoka Januari. Hapo katikati, asubuhi aende kibandani na baba yake, alasiri iwe yake na katuni zake. Achonge kinyago kimoja peke yake, mwanzo hadi mwisho, kisha kinyago hichohicho akichore kikitembea. Baba yake akione. Ningetamani sana na mimi nikione.

Kuhusu masomo, msiamue gizani. Mwaka 2024 serikali ilitangaza tahasusi 65, yaani michanganyo ya masomo, za kidato cha tano, na masomo ya sanaa yamo. Aulize shuleni kwake zipi zinamfaa kabla hajajaza fomu. Bagamoyo ipo taasisi ya sanaa na utamaduni, TaSUBa, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Ni safari ya siku moja kwenda na kurudi. Nendeni wote watatu mkaulize ada, sifa za kujiunga na kama wanafundisha anachokitaka. Baba akisema katuni hazilishi mtu, atajiwe Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyekwenda Nairobi mwaka 1992 kuchorea gazeti la Nation na jina lake likajulikana Afrika Mashariki yote. Si kila mchoraji atafika huko. Lakini mumeo naye anazijua siku anazorudi nyumbani na vinyago vilevile alivyoondoka navyo, na hajaacha kuchonga.

Kaka yako akifika, mpe maji aoge, ale, apumzike. Kisha toka na watoto, uwaache wawili hao barazani. Wakimaliza, kijana aitwe na baba yake mwenyewe, wewe usimwite.