Nyama na uyoga vya Kijapani: mbona vyangu havifani?

SWALI: Bi. Mpishi, salamu. Mara tatu nimejaribu kupika nyama ya ng'ombe na uyoga kwa mtindo wa Kijapani, ule wa kumiminwa juu ya wali bakulini, na mara zote tatu nyama imetoka ngumu, uyoga umejaa maji na mchuzi umekuwa chumvi tupu. Nafika nyumbani saa kumi na mbili jioni, hivyo siwezi kukaa jikoni saa nzima. Isitoshe, maelezo yote niliyosoma yanataja mirin na sake, vileo vya Kijapani vya mchele, nasi kwetu kileo hakiingii jikoni. Nifanyeje?
*Mama wa Watatu, Tanga*

JIBU: Salamu nawe, Mama wa Watatu. Chakula hicho Wajapani hukiita gyudon, na asili yake ni nyama na vitunguu tu. Uyoga ni nyongeza, tena nyongeza njema. Tangu zamani ni chakula cha watu wenye haraka: mkahawa wa Yoshinoya, ambao ndio uliokipatia sifa, ulifunguliwa mwaka 1899 katika soko la samaki la Nihonbashi, mjini Tokyo, ambako wateja walitaka kula na kurudi kazini. Nadhani kosa lako ni kukipika kama mchuzi wetu wa nyama, ambao kadiri unavyokaa motoni ndivyo unavyoiva vizuri.

Siri kubwa imo katika kisu. Huko Japani nyama huuzwa ikiwa imekwisha kukatwa nyembamba kama karatasi, lakini bucha zetu hukata mapande, kwa hiyo kazi hiyo ni yako. Nunua sarara au steki, gramu 400 kwa watu wanne, uiweke kwenye friza kwa dakika 40 hivi, hadi ishikane bila kuwa jiwe. Itazame nyuzi zake zinakoelekea, kisha ukate kwa kuzikingama, vipande vya unene wa milimita mbili. Ukikata kwa kuzifuata nyuzi, utatafuna kamba hata kama umenunua sarara ya bei ya juu.

Uyoga, ambao sehemu kubwa yake ni maji, usiutie kwenye mchuzi ukiwa mbichi. Chukua gramu 250, uuchane kwa mkono, uuweke kwenye kikaangio kikavu chenye moto mkali, bila mafuta na bila chumvi. Utasikia ukilia, maji yatatoka, kisha yatakauka. Kingo zikianza kuwa za kahawia, uepue na kuuweka kando. Ukipata shiitake wakavu (aina ya uyoga wa Kijapani), waloweke katika maji ya moto nusu saa wakati nyama iko kwenye friza, na maji yao usiyamwage: yatashika nafasi ya dashi, ile supu ya mwani na samaki mkavu ambayo Wajapani huitumia karibu katika kila mchuzi.

Kuhusu mirin na sake, hofu yako ina msingi, kwa kuwa vyote viwili vina kileo. Kazi ya mirin hapa ni utamu na mng'ao, na sukari inatosha. Changanya maji mililita 200 (au yale ya shiitake), sosi ya soya vijiko vinne vya chakula, sukari vijiko viwili na tangawizi iliyokunwa kijiko kimoja cha chai. Soma pia kibandiko cha sosi yenyewe, maana zipo zilizoongezewa kileo. Chumvi usitie hata chembe. Bila shaka hapo ndipo ulipoharibikiwa.

Chemsha mchanganyiko huo pamoja na kitunguu kikubwa kilichokatwa vipande virefu, dakika tano hivi, hadi kilainike. Sasa tia nyama, ukiitawanya kwa kijiti au uma isigande donge, na mara wekundu unapopotea, yaani dakika mbili au tatu, rudisha uyoga, ugeuze mara moja na uepue. Ukienda kumtafuta mtoto aandae meza, zima moto kwanza.

Wali uwe mweupe, usio na tui wala chumvi, kwa sababu mchuzi utaushukia. Wajapani huweka pembeni tangawizi nyekundu ya siki. Mimi hukata tangawizi mbichi nyembamba sana na kuiloweka katika siki na sukari kidogo tangu nyama inapoingia kwenye friza, na hadi wakati wa kula huwa imekwisha kupoa ukali.