Breki kunuka kwenye mteremko wa Stelvio

SWALI: Mhariri, Septemba tulikodi gari la otomatiki tukavuka Stelvio, barabara ya milimani huko Italia, tukashukia upande wa kijiji cha Prato. Tulipokaribia chini breki zilinuka moto, na pedali ikawa inazama. Gari lilikuwa bovu? Mwakani tunataka kupita barabara ya milimani ya Grossglockner mwezi wa Aprili, itafaa?

JIBU: Yaelekea gari lilikuwa zima, tatizo ni namna mlivyoshuka. Kutoka kileleni, mita 2,757, hadi Prato ni kilomita kama 24 zenye kona kali 48, na unateremka zaidi ya mita 1,800. Gari likiachwa kwenye D, gia ya kawaida ya kwenda mbele, hupanda gia lenyewe, injini haishikilii mwendo, mzigo wote unaangukia breki. Pedi za breki zikizidi moto hazikamati. Mafuta ya breki yakichemka hutoa mvuke, na mvuke, tofauti na mafuta, hubonyezeka. Ndipo pedali inapozama. Kibaya zaidi, mafuta hayo hunyonya unyevu. Mafuta ya breki ya kiwango cha DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya unyevu yanaweza kuchemka kwenye 155 tu.

Safari nyingine, weka gia ya 2 kwa mkono, au L (gia ya chini), kabla mteremko haujaanza. Kanyaga breki kwa nguvu kungali na barabara iliyonyooka, kisha achia kabisa na uingie kona. Mguu unaoegemea pedali muda wote, hata kidogo tu, ndio unaoziunguza breki. Zikinuka, tafuta egesho tambarare, weka P, kinga gurudumu kwa jiwe, subiri nusu saa. Usimwage maji: diski za breki hupinda au kupasuka. Na pedali ikishazama, usiendelee na safari hadi fundi akague mafuta, hilo hatulilegezi.

Aprili haifai. Grossglockner, Austria, kwa kawaida hufunguliwa mapema Mei na kufungwa mapema Novemba, kutegemea theluji, na hulipiwa. Stelvio huchelewa zaidi, na barabara ya Transfăgărășan ya Romania mara nyingi hungoja hadi mwisho wa Juni. Septemba yenu ilikuwa chaguo zuri.

Mkipitia Uswisi, kibao cha buluu chenye baragumu ya njano maana yake basi la posta lina haki ya kupita kwanza. Dereva wake akiwaelekeza mrudi nyuma, rudini.